Gauni la Mtoto wa Miaka Miwili

Mtoto hukua upesi kuliko mfuko wa baba yake. Hivyo mama mwenye busara hushona gauni la kudumu.

Kitambaa cha pamba, upana sentimita 90 na urefu 55, hufuliwa kwanza, kwani pamba hurudi inapolowa. Huunganishwa kwa mshono mmoja nyuma. Juu hupindwa sentimita 3, na mpira wenye kipimo cha kifua hupitishwa humo pasipo kubana.

Mikanda miwili ya mabegani ishonwe imara mbele na nyuma. Kamba za kufunga shingoni zisitumiwe kamwe: zikinasa kitandani au mlangoni, zaweza kumnyonga mtoto.

Chini hupindwa sentimita 10. Mtoto akirefuka, upindo hufunguliwa, na gauni humfaa tena.