Naguru nayo ipewe mabenchi

MTU yeyote aliyewahi kupanda kilima cha Naguru kwa miguu akitokea Nakawa, jua likiwa la utosi, anajua thamani ya mahali pa kuketi. Unatua mzigo, unafuta jasho, unapigwa na upepo huku ukiutazama mji ulivyotandaa chini, kisha unaendelea na safari ukiwa na nguvu mpya.

Kwa bahati mbaya, raha hiyo ni adimu. Mara nyingi anayetaka kupumzika hulazimika kununua soda ili akalie benchi la mwenye duka, la sivyo achuchumae kando ya mtaro.

Wanaopita hapa si wazururaji. Chini ya kilima kuna soko la Nakawa na makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ambako wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula hufuatilia nyaraka za mizigo yao. Kuna pia hospitali ya rufaa ya Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012, na si kila mgonjwa au anayemuuguza ana nauli ya bodaboda. Nao ndugu zetu waliorejea kutoka ughaibuni hushangaa. Huko walizoea kuketi bustanini bila kuulizwa neno. Hapa wakisimama kidogo kando ya ukuta wa mtu, mlinzi huwataka wasogee.

Wapo watakaosema mabenchi ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, una baraza za mawe mbele ya nyumba. Wenyeji hupiga soga hapo, na mpita njia huketi akapumua. Waliozijenga walijua kwamba njia ni ya watu, si ya vyombo tu.

Wengine watasema mabenchi yataibwa. Basi yajengwe kwa zege, chini ya mti na karibu na taa.

Mwaka 2011 wakazi wa nyumba za zamani za Naguru na Nakawa, zilizojengwa enzi za mkoloni, waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili kupisha mji wa kisasa. Ardhi ile ilikuwa ya umma. Si jambo kubwa kumtaka kila mwekezaji aliyepewa kipande chake aache nafasi ya mti mmoja na benchi moja kando ya njia.

Tunaiomba Mamlaka ya Jiji la Kampala iliweke jambo hili katika masharti ya ujenzi sasa, kabla nafasi hazijaisha. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini hata mwenda pole huchoka, naye anastahili pa kuketi.