Ubingwa wa Dunia Chini ya Paa

Kati ya mwaka 1913 na mwaka 1923 palikuwa na mashindano ya tenisi yaliyoitwa Ubingwa wa Dunia wa Viwanja vya Ndani. Yalichezwa mara sita, kisha yakafutwa, na leo ni wachache hata miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo wanaoyakumbuka. Nayaleta mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yalikuwa mafupi, na jambo fupi huweza kutazamwa lote kwa mara moja, kichwa na miguu. Pili, naandika makala haya nikiwa Kasoli, katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ambako watu hushindana chini ya mbingu wala si chini ya paa. Na mtu aliyeko Kasoli hawezi kulisoma neno “dunia” katika jina lile pasipo kuuliza: ilikuwa dunia ya nani?

Haki yataka tuanze kwa kusema lililo jema. Tenisi ya ndani ilizaliwa na baridi. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini majira ya baridi huja na theluji, majani ya viwanja hulowa, na siku huwa fupi. Wenye uwezo wakajenga kumbi, wakatandika sakafu za mbao, wakacheza humo mpaka jua liliporejea. Juu ya mbao mpira huteleza upesi wala hauinuki sana, kwa hiyo mchezaji mwepesi wa kuukimbilia wavu na kuupiga mpira kabla haujagusa chini hufaidika kuliko mwenye subira. Waingereza walianza ubingwa wao wa ndani mjini London mwaka 1885, na katika Michezo ya Olimpiki tenisi ya ndani ilichezwa mara mbili, London mwaka 1908 na Stockholm mwaka 1912. Katika hayo sioni lawama. Kila watu huutengeneza mchezo wao kwa kadiri ya mbingu iliyo juu yao.

Lawama inaanzia kwenye jina. Tarehe 1 Machi, 1913, wajumbe wa vyama vya tenisi walikutana Paris wakaunda shirikisho lao la kimataifa. Shirikisho hilo likatangaza ubingwa wa dunia wa namna tatu: wa viwanja vya majani, uliokabidhiwa Uingereza, wa viwanja vigumu, uliochezwa hasa Ufaransa, na wa viwanja vya ndani, ambao ungezunguka kutoka nchi hata nchi. Huu wa ndani ulichezwa mara ya kwanza Stockholm mwaka ule ule wa 1913. Mshindi kwa upande wa wanaume alikuwa Anthony Wilding wa New Zealand, naye katika mwaka huo huo alishinda namna zote tatu. Baadaye vita vikazuka, na Mei 1915 Wilding akauawa katika mapigano huko Ufaransa. Mashindano yakalala miaka mitano, yakaamka Paris mwaka 1919, yakaenda London mwaka 1920, Copenhagen mwaka 1921, St. Moritz mwaka 1922, na Barcelona mwaka 1923. Washindi wa kiume wa miaka hiyo walikuwa Wafaransa watupu: André Gobert mara mbili, William Laurentz mara moja, na Henri Cochet mara mbili. Laurentz hakuishi kuona mwaka mmoja zaidi ya ushindi wake kwisha salama. Alifariki Machi 1922, akiwa na umri wa miaka 27.

Na tuhesabu. Uswidi, Ufaransa, Uingereza, Denmaki, Uswisi, Hispania: dunia yote ile ilikuwa nchi sita, na katika hizo hapana hata moja iliyo nje ya Ulaya. Msafiri wa treni na meli angeweza kuizunguka dunia hiyo kwa siku chache na kurudi kwake na nguo zake zikiwa safi. Ulizungushwa ubingwa, lakini ulizungushwa kama mbuzi aliyefungwa kambani: duara lake halikupita urefu wa kamba.

Sasa tutazame kilichoua mashindano hayo, maana hapo ndipo penye fundisho. Hayakuuawa na upungufu wa wachezaji, wala na ubovu wa kumbi. Wamarekani walikuwa wamekaa nje ya shirikisho tangu mwanzo, na moja katika hoja zao kubwa lilikuwa jina hilo la ubingwa wa dunia, hasa lilivyofungwa milele kwa Waingereza katika viwanja vya majani. Walitaka wao nao, wenye wachezaji hodari na viwanja vyao, waheshimiwe sawasawa. Mwaka 1923 shirikisho likaridhia: ubingwa wa dunia wa namna zote tatu ukafutwa, na mahali pake yakawekwa mashindano makubwa rasmi ya Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, ambayo hata leo ndiyo makuu ya mchezo huo. Ule wa viwanja vya ndani haukupata mrithi katika daraja hilo. Basi neno “dunia” liliondolewa mara tu alipotokea mwenye nguvu wa kusema, “Nami nimo duniani.”

Je, sisi tulikuwa wapi katika miaka hiyo kumi? Wilding aliposhinda Stockholm, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita vilipozuka Ulaya vilitufikia na sisi tusiokuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Ulaya. Palipiganwa Tanga mwezi Novemba 1914. Mwanza ikatwaliwa na Waingereza Julai 1916. Tabora ikaangukia Wabelgiji Septemba mwaka huo. Na vita havikukoma katika pande zetu mpaka Novemba 1918, siku kadha baada ya kukoma Ulaya. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo. Kisha mwaka 1922, Cochet alipokuwa bingwa katika theluji ya Uswisi, Shirikisho la Mataifa lilithibitisha kuikabidhi Tanganyika kwa Uingereza, na wenyeji hawakuulizwa. Basi nathubutu kusema hivi: vita vilipoitwa vya dunia, tulihesabiwa; ubingwa ulipoitwa wa dunia, hatukuhesabiwa. Dunia yao ilikuwa na mlango mpana wa kuingizia mizigo na mlango mwembamba wa kuingizia watu.

Wala watu wetu hawakuwa bila mashindano. Tangu katikati ya karne ya 19 Usukuma wote, na Kasoli imo, umekuwa na pande mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake hutajwa kuwa waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, kati ya Juni na Agosti, wakati pamba inapopelekwa kuuzwa na anga ni kavu, vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hapana mwamuzi aliyekaa juu ya kiti kirefu. Mwamuzi ni umati wenyewe: watu huhama kutoka upande huu kwenda upande ule, na kikundi kilichovuta watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kwa ajili hiyo manju hutunga nyimbo mpya, wachezaji hubuni miujiza mipya, wengine hucheza na nyoka, wengine na majembe, na dawa ya kuvuta watu, iitwayo samba, hutafutwa kwa bidii. Haya ni mashindano yenye kanuni, yenye pande, yenye ushindi na yenye kushindwa. Walakini katika vitabu vingi hayakuitwa ubingwa wa kitu chochote. Yaliitwa mila.

Nimefika hapa, na najua kuwa msomaji anatazamia niwalaumu Wazungu mpaka mwisho wa ukurasa. Sitafanya hivyo. Wazungu waliita dunia kile walichokiona kutoka dirishani kwao. Hilo ni kosa la wenye nyumba wengi. Lawama yangu kubwa ni juu yetu sisi wasomi wa Kiswahili, na sababu yake ni hii: mashindano ya ndani yaliyochezwa mara sita tu, yakafa zaidi ya miaka mia iliyopita, yangali na daftari lake kamili. Nimeweza kukutajia miji yake yote, miaka yake yote na mabingwa wake. Lakini nikiulizwa nani alishinda katika viwanja vya Kasoli katika miaka hiyo hiyo sita, sina la kujibu. Wahenga walituonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliufanya usemi huo kuwa wa wachuuzi, tukasahau kuwa ushindi nao ni mali.

Nilimwuliza mzee mmoja wa hapa Kasoli habari za mashindano makubwa aliyoyaona ujanani mwake. Alinitajia jina la manju, akaniimbia kipande cha wimbo, akanieleza jinsi umati ulivyohama alasiri hata upande mmoja ukabaki na watoto na mbwa. Nilipomwuliza mwaka, alinijibu kuwa ni ule uliofuata njaa. Nikamwuliza kama habari hizo zimeandikwa mahali. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Mwanangu, mwenye kalamu ni wewe.” Sijapata kusikia hukumu fupi na ya haki kuliko hiyo.

Wako wenzetu watakaonipinga, na hoja zao nazijua. Wa kwanza husema kuwa mchezo si jambo la elimu. Chuo kikuu kina mambo mazito ya kuchunguza. Nami namwuliza: shirikisho moja la mchezo liligombana na taifa zima miaka kumi kwa ajili ya neno moja katika jina la mashindano. Je, jambo jepesi hugombewa hivyo? Mahali watu wanapoweka heshima yao, hapo ndipo mwanahistoria anapopaswa kuweka jicho lake.

Wa pili husema kuwa ngoma haina hesabu. Tenisi ina pointi na seti, bali umati hauna mizani. Huyu amesahau kuwa Bunge huchaguliwa kwa kuhesabu vichwa, na hatulidharau kwa sababu hiyo. Tena huongeza kuwa ushindi wa samba ni ushirikina. Mwanahistoria haulizwi kama dawa ina nguvu. Huulizwa kama watu waliiamini, walitenda nini kwa imani hiyo, na walitoa nini ili waipate.

Wa tatu husema, “Hayo ni ya Wasukuma, na yaandikwe Kisukuma.” Naam, nyimbo na ziandikwe kwa maneno yake, maana wimbo uliobadilishwa lugha ni maji yaliyopitishwa kwenye chujio. Lakini maelezo yake yakiandikwa Kiswahili, yatasomwa Lamu na Kigoma, Bujumbura na Mombasa, na mtu wa pwani atajua kwamba mashindano yake ya ngoma na beni yana ndugu huku bara. Kiswahili kisichoweza kubeba habari za Kasoli hakistahili kuitwa lugha ya taifa. Kitakuwa kama ukumbi ule wa Stockholm, kina paa nzuri na jina kubwa, na ndani yake wamo wachache.

Wa nne, naye ndiye mjanja kuliko wote, husema kuwa ngoma za Usukuma zingali hai, zachezwa hata leo, basi haraka ya nini? Ngoma ni hai, ni kweli. Lakini kila shindano ni kiumbe peke yake. Huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Lililochezwa mwaka jana halitachezwa tena. Wazee walioyaona ya zamani hupungua kila mwaka, na hapana anayezaliwa na kumbukumbu zao. Tena ngoma ivumayo haidumu: mashindano ya ndani yalivuma katika miji sita, yakazimwa na kikao kimoja. Asiyeandika kwa sababu jambo lipo hai, ataandika nini litakapokufa?

Basi ninalolitaka ni dogo. Kila mwanafunzi aendaye likizo katika nchi ya Usukuma, au penginepo penye mashindano ya watu, achukue daftari. Aandike mahali, mwezi na mwaka. Majina ya vikundi vilivyoshindana. Jina la manju na maneno ya nyimbo zake. Saa umati ulipohama, na wahamaji walisema wamevutwa na nini. Wazee wakipima miaka kwa njaa, nzige na mavuno, aandike vivyo hivyo, kisha atafute mwaka wa njaa ile. Aandike na walioshindwa pia, maana bila wao hapakuwa na ushindi. Wala asiliite shindano hilo ubingwa wa dunia. Tumekwisha kuona jina hilo lilivyowatia aibu waliolivaa kabla halijawaenea. Aliite kwa jina lake na la mahali pake: Kasoli, mwaka fulani, Bagika na Bagalu.

Daftari hilo likijaa, Kasoli haitahitaji kuomba nafasi katika dunia ya mtu. Atakayetaka kuandika habari za dunia ndiye atakayelazimika kuja kulisoma.