Injini Iliyoitwa Hanang na Pengo la Sheria ya Mambo ya Kale

Na Mwandishi Wetu, Manyara

Hakuna reli inayopita Mbulu wala Hanang. Hata hivyo, jina la mlima unaoitazama Katesh liliwahi kusafiri kati ya Mombasa na Nairobi ubavuni mwa injini ya mvuke. Mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kililiundia Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki injini 34 za aina ya Garratt, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Zilipewa majina ya milima ya ukanda huu. Namba 5910 ikaitwa Mount Hanang.

Kati ya hizo zimebaki mbili tu, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Injini zenyewe zimehifadhiwa Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971. Mount Hanang haikusalia.

Injini za kawaida za mvuke zilitengenezwa kwenda mbele. Zikifika mwisho wa safari zilipaswa kugeuzwa, ama kwa reli zilizopangwa pembetatu, ama kwa meza ya chuma iliyozunguka ndani ya shimo la duara. Mahali penye injini nyingi, banda lilijengwa kuizunguka meza hiyo, njia zikitawanyika kama miale ya jua. Garratt, yenye tangi la mvuke katikati na seti ya magurudumu kila upande, ilikwenda mbele na nyuma bila tofauti, hivyo haikuhitaji kugeuzwa. Injini za dizeli nazo zilipunguza zaidi kazi ya meza hizo, na kifaa kisicho na kazi hutazamwa upesi kama chuma chakavu.

Huko Baltimore, Marekani, banda la aina hiyo lililojengwa mwaka 1884 ni sehemu ya makumbusho. Theluji iliangusha sehemu ya paa lake Februari 2003, wakalijenga upya.

Kwa upande wetu, kikwazo kikubwa kimo katika tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, na Reli ya Kati mwaka 1905. Kwa hiyo hakuna stesheni, karakana wala meza ya kugeuzia injini nchini inayopata ulinzi huo kwa umri wake pekee. Majengo ya utawala wa Wajerumani, boma la Mbulu likiwemo, yako katika hali hiyo hiyo.

Sheria, hata hivyo, imeacha mlango wazi: Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza eneo au jengo lolote lenye thamani ya kihistoria kuwa kumbukumbu ya Taifa, hata kama ni la karne ya 20. Hapo ndipo uamuzi unapohitajika mapema. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kadiri mtandao huo unavyopanuka, ndivyo vifaa vya reli ya zamani vitakavyozidi kuondolewa kazini. Orodha ya vinavyostahili kubaki inapaswa kuandaliwa kabla ya mnada wa vyuma kutangazwa.