Kosa ni fonti, siyo Linux

Juzi nilikuwa BTP Kibondo, nikatunga mtihani kwenye laptop yangu kuukuu yenye Linux, kurasa nne safi. Kufika steshenari moja Kasulu, faili limevurugika, maswali yamekatika katikati. Jamaa akacheka: "Achana na Linux, dada."

Mimi nakataa. Faili lilitaka Times New Roman. Kwangu haipo, ikaazimwa DejaVu Serif yenye herufi pana. Dawa yake ni mstari mmoja tu:

sudo apt install libreoffice fonts-liberation fonts-crosextra-carlito

Liberation Serif ina upana uleule wa Times New Roman, Carlito inashika nafasi ya Calibri. Ukienda kuprinti, beba PDF. Basi!

Jamani, mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Leo sisi walimu watarajiwa bado tunafundishana programu za wizi zilizojaa virusi. Huko shuleni tutawafundisha nini watoto? Kuiba? Nawasilisha.