Vipimo Vimeandikwa, Nani Ameitwa?

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Gendabi na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya maafa yale tuliulizana nani alipaswa kuuangalia mlima na nani apige mbiu. Swali hilohilo nalipeleka wodini.

Msibani husemwa kwamba marehemu alizidiwa ghafla. Mara nyingi si kweli. Saa kadhaa kabla, pumzi zilikwenda mbio, mapigo ya moyo yalipanda, presha ilishuka, fahamu zikafifia. Muuguzi alipima, akaandika, akaendelea na kitanda kinachofuata, kwa kuwa hapakuwa na agizo linalosema vipimo vikifika hapa, fulani aitwe.

Uingereza ilianza kutumia mfumo wa kitaifa wa alama za tahadhari mwaka 2012. Kila kipimo hupewa alama kadiri kinavyoachana na hali ya kawaida. Jumla ikifika 5 mgonjwa huangaliwa haraka, ikifika 7 ni dharura. Afrika nayo ina mfumo wake, UVA, uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na takwimu za wagonjwa wa nchi sita, Tanzania ikiwamo. Huo huzingatia pia maambukizi ya VVU.

Nitaambiwa kwamba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana wodi nzima. Ndiyo maana hasa anahitaji alama: zinamwonyesha ni kitanda kipi akirudie kwanza. Ninachokihofia ni kingine. Alama bila oksijeni, bila dripu, bila daktari anayepokea simu, ni hesabu tupu. Na muuguzi aliyekaripiwa mara moja kwa kumwamsha daktari saa nane za usiku hatapiga simu mara ya pili, hata alama zikifika 10.

Kuna jambo ambalo fomu ya London haikulifikiria. Mojawapo ya vipimo ni kama mgonjwa amechanganyikiwa. Bibi wa Gendabi azungumzaye Kiiraqw au Kidatoga pekee, akiulizwa kwa Kiswahili leo ni siku gani, atanyamaza. Je, amepoteza fahamu au hakuelewa? Anayejua ni binti yake, yule tuliyemtoa nje muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Uingereza yenyewe, tangu 2024, imeanza kuzipa familia haki ya kudai mgonjwa aangaliwe upya, baada ya kifo cha msichana Martha Mills ambaye wazazi wake hawakusikilizwa.

Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuyaagiza haya kwa waraka wa ukurasa mmoja: alama zikifika kiwango, muuguzi aite, daktari aitike, na saa aliyofika iandikwe kwenye faili, ndugu akisema “mama amebadilika,” mama apimwe upya papo hapo.