Siri Isiyo na Mrithi

Kuna fundisho moja ambalo vijana wetu wanaoshughulika na sarafu za mtandaoni, kama vile Bitcoin, wamelishika kama nguzo ya imani. Linasema: yaandike maneno yako ya siri, yafiche, na usimwonyeshe mtu yeyote. Nimelisikia likirudiwa kwenye semina na vijiweni, na wanaolitamka hulitamka kwa uhakika wa mtu aliyemaliza kusema yote. Mimi nathubutu kusema kwamba hilo ni nusu ya fundisho. Na katika mambo ya fedha, nusu ya fundisho ina hatari kuliko ujinga, maana mjinga huogopa, lakini aliyefundishwa nusu hujiona salama. Sisemi haya kwa kuzichukia sarafu hizo. Nasema kwa sababu mimi ndiye niliyeichoma karatasi ya marehemu mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mchoraji wa matangazo kwa kompyuta. Baadhi ya wateja wake walikuwa nchi za nje, na walimlipa kwa Bitcoin. Alifariki kwa ajali ya pikipiki, na simu yake ikasagika pale pale barabarani. Baada ya arobaini, shemeji aliniomba nimsaidie kupanga vitu vyake. Tulikuta risiti za umeme, madaftari, picha za harusi, na karatasi moja iliyokunjwa yenye maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 12. Maneno yenyewe hayakuunda sentensi. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Nilichokiona pale ni imla ya mtoto. Niliitia katika rundo la takataka, na jioni tukalichoma.

Wiki mbili baadaye alikuja rafiki yake kutoa pole, kwa kuwa msiba ulimkuta akiwa safarini. Baada ya kuniamkia na kunywa chai, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, yale maneno 12 ya marehemu mmeyaweka wapi?" Nilimuuliza maneno gani. Alipoanza kunieleza, nilihisi mikono inaishiwa nguvu. Kijana huyo aliwahi kumlipa marehemu sehemu ya kazi waliyoifanya pamoja, kwa hiyo alikuwa na anwani aliyozoea kupokelea malipo. Aliifungua kwenye simu yake, akatuonyesha. Fedha zilikuwepo, akiba ya miaka minne iliyowekwa kidogo kidogo, kiasi cha kuwalipia ada watoto wawili hadi kidato cha nne. Zipo hata leo ninapoandika. Yeyote mwenye anwani ile anaweza kuzitazama, wala hakuna awezaye kuzigusa.

Kwa msomaji asiyeyajua mambo haya, na mimi sikuyajua, nitaeleza kwa ufupi. Kile kinachoitwa pochi hakina fedha ndani yake. Hesabu za fedha zimo katika daftari la wazi linalotunzwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani tangu Januari 2009. Pochi hutunza ufunguo tu, yaani ile namba ndefu ya siri inayomruhusu mwenyewe kuhamisha kilicho chake. Kwa kuwa namba ile ni ngumu kuandika bila kukosea, mwaka 2013 mafundi walipendekeza utaratibu uitwao BIP39, ambao huigeuza kuwa maneno 12 au 24 kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Mwenye maneno hayo, kwa mpangilio wake, anaweza kuirudisha pochi yote katika simu mpya. Asiye nayo hana kitu. Likipotea neno moja, kompyuta inaweza kuyajaribu yote 2,048 mpaka ilipate. Ukipotea ukurasa mzima, hakuna kompyuta duniani itakayomaliza kujaribu.

Sasa linganisha na fedha nyingine za marehemu. Shemeji alikwenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akapewa hati yenye mhuri. Kwa hati ile benki ilitoa salio. Kwa hati ile kampuni ya simu ilitoa hela zilizokuwa kwenye laini. Sisi tumezoea hivyo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, aliyepoteza laini hujua kwamba atakwenda dukani na kitambulisho, atapanga foleni, na atarudishiwa kilicho chake. Bitcoin haina duka, haina foleni, wala haina karani wa kumbembeleza. Hakimu anaweza kutoa amri, lakini daftari lile halisomi amri za hakimu. Jambo hili wenye kuzipenda sarafu hizi hulisifu, na lina uzuri wake. Lakini anayeusifu uzuri huo mbele ya kijana mwenye mke na watoto, bila kumweleza kwamba amebeba peke yake kazi ya benki, ya mahakama na ya msimamizi wa mirathi, anamdanganya.

Nikilalamika hivi najibiwa kwa neno moja: uzembe. Marehemu alizembea, na mimi nilizembea. Sehemu yangu naikubali. Nimeibeba na nitaendelea kuibeba. Lakini hebu tuwatazame wazembe wenyewe. James Howells wa Newport, nchini Wales, alikuwa mtu wa kompyuta kwa kazi yake. Mwaka 2013 diski yenye ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa kwa makosa, ikaishia jalalani. Aliomba miaka na miaka aruhusiwe kulichimba jalala lile, halmashauri ikakataa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Stefan Thomas, mtaalamu wa programu, alilipwa Bitcoin 7,002 mwaka 2011 kwa kutengeneza filamu fupi ya kuwaeleza watu Bitcoin ni nini. Ufunguo aliuweka katika kifaa kinachoruhusu kujaribu nywila mara 10 tu, na karatasi yenye nywila ikapotea. Habari zake zilipoenea Januari 2021, alikuwa ameshajaribu mara 8. Mwalimu wa jambo hili mwenyewe! Mtego unaowanasa mafundi wakubwa si haki kuuita uzembe wa mtoto wa watu wa Mbagala. Daraja linaloangusha wapitao kila siku, tunamlaumu aliyelijenga.

Wengine hunijibu kwamba dawa ni kuacha kujitunzia, fedha ziwekwe katika kampuni zinazobadilisha sarafu hizo. Hao nao wamesahau mapema mno. Mt. Gox ya Tokyo ilianguka Februari 2014 ikiwa na mali za watu. FTX ilianguka Novemba 2022. Na katikati yake kuna kisa cha QuadrigaCX ya Kanada, ambacho kinaligusa jambo langu moja kwa moja. Mwenye kampuni hiyo, Gerald Cotten, alifariki India Desemba 2018, na wateja wapatao 76,000 wakaambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyezijua funguo. Uchunguzi ulipofanyika, pochi nyingi zilikutwa tupu, na mwaka 2020 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Ontario walieleza kwamba kampuni ile ilikuwa ya udanganyifu. Basi hapo tujifunze jambo la pili: siri ya mtu mmoja hufunika hata wizi, na kifo huja kuwa pazia.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Husemwa: ukimwambia mkeo, atakuibia, ukimwambia ndugu yako, atakuroga. Nawauliza walimu wa semina: mnatunza fedha hizo kwa ajili ya nani? Kama mke, ndugu na mtoto wote ni wezi, mnaweka akiba ya nini? Wazee wetu nao walifukia fedha shambani, chini ya mwembe, wakafa bila kusema. Hakuna aliyewaita werevu. Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na wasia, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, ni jambo linalotakiwa kujulikana na mtu mwingine kabla ya kifo. Desturi zetu zilikwisha kuona kwamba amana isiyo na shahidi ni amana iliyopotea. Tumekuja kuitupa hekima hiyo kwa sababu ya kifaa kipya.

Na wala si kweli kwamba pana njia mbili tu, kumwonyesha mtu yote au kumficha yote. Mwaka 1979 mwanahisabati Adi Shamir alieleza namna ya kuigawa siri vipande, kwa mfano vitatu, ambavyo viwili vikikutana hujenga siri nzima, na kimoja peke yake hakifichui lolote. Ziko pochi zinazotumia njia hiyo, na ziko nyingine zinazotaka sahihi mbili kati ya tatu. Kimoja kikae kwako, kimoja kwa mkeo, kimoja kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote. Akifa mmoja, waliobaki wanafungua. Akigeuka mwizi mmoja, hawezi kitu. Asiyeweza hayo, basi angalau aandike nakala mbili, aziweke nyumba mbili tofauti, moto usizikute pamoja. Halafu aandike barua isiyo na siri yoyote, inayosema: nina mali ya namna hii, karatasi yake iko mahali fulani, muulizeni fulani. Kisha afanye jaribio wakati yu hai, tena na fedha kidogo tu: aifute pochi, airudishe kwa karatasi ile ile, mkewe akiangalia. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Lipo pia suala la lugha, na hapa nawageukia watengenezaji. Orodha rasmi za BIP39 zipo za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Ya Kiswahili haipo, na pochi nyingi hukubali Kiingereza tu. Kwa hiyo katika nyumba zetu mali huwekwa katika maneno ambayo bibi hawezi kuyasoma, na babu mwalimu huyaona kuwa imla. Nawaonya vijana wasijaribu kuyatafsiri. Neno likibadilishwa, atakayekuja kurudisha pochi itambidi abahatishe lile la asili. Lakini kitu kimoja hakiwagharimu hata senti, nacho ni kuandika juu ya karatasi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: HIZI NI FEDHA. MSITUPE. Kama mdogo wangu angefundishwa kuandika sentensi mbili hizo, nisingekuwa na la kuandika leo. Wanaosema kwamba maandishi hayo yangemwita mwizi, wana haki kiasi. Lakini mwizi alikuwa jambo la kudhaniwa tu, na kifo kilikuwa na uhakika.

Lazima niseme na hili. Habari za msiba wetu zilipoenea, shemeji alipigiwa simu na mtu aliyejiita mtaalamu wa kurejesha pochi zilizopotea. Alitaka malipo ya kuanzia. Shemeji alituma laki moja na nusu kabla hajaniambia, na mtu yule hakupatikana tena. Wapo mafundi wa kweli wanaoweza kusaidia pale linapokosekana neno moja au sehemu ya nywila. Lakini anayeahidi kurejesha maneno yote 12 bila kipande chochote cha kuanzia ni mwongo, na anayeomba umtajie maneno yako ili "ayahakiki" ni mwizi. Fundisho la nusu huwazalia matapeli hawa chakula, kwa kuwa huwaacha wajane bila kujua kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani.

Simwombi kijana yeyote aache kazi yake wala akiba yake. Namwomba ajiulize swali moja ambalo semina hazikumuuliza: nikifa njiani leo, nani atajua, na ataanzia wapi? Kama jibu ni hakuna, basi hana akiba bado. Na nyinyi mnaowafundisha, mkimaliza kusema "usimwonyeshe mtu", msishuke jukwaani. Endeleeni, mseme nani aambiwe, kwa njia gani, na lini.

Shemeji ameanza kuuza maandazi asubuhi, na mimi nachangia ada kwa pensheni yangu. Yule rafiki wa marehemu hupita nyumbani mara moja moja. Siku moja mtoto mkubwa alimwomba amwonyeshe tena zile fedha za baba. Aliitoa simu, akamwonyesha. Mtoto alizitazama, akauliza kama kuna siku zitatoka. Hakuna aliyemjibu, nami nikaingia ndani.