Mtoto Hapimwi Peke Yake

Siku hizi afya ya akili ya vijana inazungumzwa huku kwetu Musanda, kaunti ya Kakamega: katika mikutano ya wazazi shuleni, kwenye baraza la chifu, hata matangani. Pamoja na mazungumzo hayo yamekuja madai yanayorudiwa kwa uhakika mkubwa, hadi hakuna anayeuliza yametoka wapi. Nayajibu, kwa sababu wanaoumizwa nayo ni watoto.

Linalosikika zaidi ni kwamba haya ni maradhi ya watoto wa Nairobi; wa kijijini, anayelima na kuchota maji, hana nafasi ya kuugua mawazo. Utafiti wa kitaifa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022 uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 majumbani kwao, mijini na mashambani. Asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliofikia vigezo vya ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Tusizichanganye takwimu hizo mbili, maana wapo wanaoitumia ile kubwa kutia watu hofu. Na kuhusu maisha ya shambani, familia nyingi za huku zilitegemea miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, baada ya kuyumba kwa miaka, hasara iliingia hadi majumbani: ugomvi wa karo, baba aliyekwenda mjini kutafuta kibarua, msichana aliyeachiwa wadogo zake. Mtoto anayabeba hayo yote huku ameshika jembe.

Wengine huongeza kwamba kutibu kwa mazungumzo ni mambo ya wazungu, kwetu hayashiki. Anayesema hivyo hajui yaliyofanyika Bungoma, kaunti tunayopakana nayo. Huko, na pia Moshi nchini Tanzania, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walifuatiliwa mjini na vijijini. Nusu yao walipewa tiba ya vikundi, vikao 12, wakiongozwa na watu wazima wa kawaida ambao si madaktari wala wanasaikolojia, ila walikuwa wamefunzwa na kusimamiwa. Walijifunza kuzitaja hisia zao na kuutuliza mwili moyo unapokwenda mbio. Kisha, polepole, wakasimulia kifo chenyewe, ili mtoto anayeamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha apate mahali pa kulisema hilo na kuondolewa mzigo. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2020, yalionyesha nafuu kubwa kuliko ile ya msaada wa kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi kijijini tofauti haikuonekana. Nalitaja hilo makusudi, kwa kuwa jambo jema halihitaji kutetewa kwa kuficha. Lakini Bungoma, mjini na kijijini, watoto walipata nafuu.

Dai lingine humtisha mzazi hata kabla hajafika hospitalini: ukikubali mtoto apimwe akili, umempachika jina la wazimu maisha yake yote. Tathmini inayofanywa vizuri haianzi na jina. Huanza na historia: mimba ilikuwaje, alizaliwaje, aliwahi kuugua malaria kali ya kichwa, anasikia na kuona vizuri, analala saa ngapi, anaishi na nani, nani amekufa katika familia. Mzazi huhojiwa, mwalimu huulizwa, na mtoto hupewa muda wake peke yake. Dodoso linalotumika sana kuchunguza sonona, lile la PHQ-9, lina maswali 9 tu kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama nyingi si hukumu. Zinasema kwamba mtaalamu akae na huyu kijana azungumze naye zaidi. Mara nyingine kinachogunduliwa ni kwamba yule anayeitwa mjinga darasani haoni ubaoni. Kenya imekuwa na vituo vya tathmini ya kielimu tangu mwaka 1984 kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, na wazazi wengi hawajawahi kuambiwa kwamba vipo.

Wenye shaka nawaunga mkono kwa jambo moja. Mtihani wa akili uliotungwa Marekani, ukasomwa kwa Kiingereza kwa mtoto anayewaza kwa Kiwanga, lugha yetu ya nyumbani, unapima Kiingereza. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe atahojiwa kwa lugha gani, na kama anayemhoji amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Lakini asiyetaka mtoto apewe jina akumbuke kwamba kijijini ameshapewa: mkaidi, mvivu, aliyerogwa.

Kwa huyo mkaidi, wengi wetu dawa tunayoijua ni kiboko. Shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado kinatumika. Sonona ya kijana mara nyingi haina machozi. Huja kwa hasira za ghafla, kutoroka shule, kulala mchana kutwa, kuacha mpira alioupenda. Ukimchapa kwa dalili hizo unamwadhibu kwa kuumwa, naye atajifunza kuzificha.

Walio na imani kwamba ugonjwa wa namna hii ni laana, au kwamba maombi yanatosha, siwabezi. Mchungaji ndiye anayefika nyumbani saa nne usiku, na kukhu, yaani bibi, ndiye anayejua historia ya ukoo. Huko Makueni, watafiti wa taasisi aliyoianzisha Profesa David Ndetei waliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa kliniki. Hawakuambiwa waache imani yao. Ninachokipinga ni minyororo, na mfungo wa siku nyingi kwa mtoto ambaye tayari hali chakula.

Ukimuuliza kijana kama anafikiria kujiua, utampa wazo? Hapana. Utafiti umelichunguza swali hili mara nyingi na haukuona kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Muulize waziwazi, kwa upole, na usimwache peke yake akikubali. Simu 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Na yule aliyenyamaza kwa kuogopa polisi ajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba.

Nakuja kwa dai linaloniuma zaidi, kwa sababu hutolewa na wazazi wanaowapenda watoto wao kwelikweli: mgonjwa ni yeye, mtibuni mturudishie. Mzazi humwacha mtoto kwa mshauri jinsi anavyoacha redio kwa fundi. Kijana akipona kwa saa moja kisha akarudi katika nyumba ambamo baba na mama hawasemezani, tiba itadumu hadi jioni ngapi? Ndiyo maana katika vikundi vya Bungoma walezi nao walikuwa na vikao vyao. Eldoret, mwanasaikolojia Eve Puffer na wenzake wa huko walitengeneza tiba ya familia inayoitwa Tuko Pamoja, inayotolewa na watu wa jamii yenyewe. Hapo mume na mke hukaa wakajadili pesa, pombe na kauli wanazotupiana, mtoto akisikilizwa na wote wawili. Baba wa Kiwanga anaweza kuona aibu kuketi kitako mbele ya mwanawe na kuambiwa, "Baba, ukirudi umelewa mimi hujificha jikoni." Aibu hiyo haiui. Ukimya umeua.

Limebaki lile la kukata tamaa: wataalamu hawapo, basi tusiamshe yaliyolala. Ni kweli mwanasaikolojia wa watoto ni nadra mashambani, na nauli ya kwenda Kakamega mjini, kila wiki, haipatikani kwa kila familia. Lakini Bungoma haikusubiri. Baada ya utafiti wa kwanza, walimu na wahudumu wa afya wa kijiji walifunzwa kuongoza vikundi hivyohivyo, katika mpango wa Pamoja Tunaweza, wakisimamiwa na washauri wenyeji waliowatangulia. Walimu kama hao wapo Musanda, na wahudumu wa afya wanaopita boma kwa boma wapo. Kinachokosekana ni kipindi katika ratiba ya mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye leo anafundisha masomo yake yote kisha anasikiliza watoto wakati wa mapumziko, pamoja na msimamizi aliyesomea anayemtembelea kila mwezi, na chumba chenye mlango. Wazazi walioketi katika bodi za shule wanaweza kuanza kwa kudai hicho chumba muhula huu, na mwakilishi wa wadi aulizwe hadharani fedha za msimamizi ziko katika bajeti ipi.